Uzoefu wangu: kuing'oa Ubuntu kwenye kompyuta ya nyumbani bila kupiga Windows upya

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonipandisha bajaji na sipiyu mapajani: niliifuta Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, kabla sijahakikisha Windows inaweza kuwaka yenyewe.

Kompyuta ni Dell OptiPlex ya mtumba, iko sebuleni kwetu Mikindani. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho, na hesabu ambazo hazikuisha ofisini nazimalizia hapo usiku. Mwaka juzi mpwa wangu alikuja likizo akaniomba nafasi kwenye diski aweke Ubuntu, ajifunze kuandika programu. Mjomba hakatai. Akachukua GB 120 kati ya 500, akarudi zake chuoni Dodoma, sisi tukabaki na mashine inayouliza kila ikiwashwa: Ubuntu au Windows? Ukizubaa sekunde kumi inajichagulia Ubuntu. Mke wangu alikuwa akiiwasha anasimama palepale kama anayesubiri maziwa yasimwagike.

Sitaisema vibaya Ubuntu. Ni ya bure, iliasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na mimi iliniokoa sana kwenye flashi. Watoto wakitoka steshenari na flashi iliyojaa vile virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa "shortcut", nilikuwa naifungulia Ubuntu, nafuta takataka, namrudishia mtoto. Kilichonishinda ni kazi. Majedwali yangu ya Excel yenye makro yalifunguka nusunusu kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Ubuntu, na C, sehemu ya diski inayokaa Windows, ilikuwa imebakiwa na GB 9 tu wakati GB 120 zimelala upande wa pili.

Halafu kulikuwa na suala la saa. Kila mara mtu akitumia Ubuntu, mimi nikija kuingia Windows naikuta saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Saa nne asubuhi inasomeka saa moja. Nilidhani betri ya mazabodi imekufa, nikanunua mpya, wapi! Kumbe Ubuntu huitunza saa ya mazabodi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama ndiyo saa ya hapa, na Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa tatu.

Basi, Jumamosi moja nikaamua. Nikabofya kulia kwenye kitufe cha Start, nikafungua Disk Management. Vipande vya Ubuntu vilikuwa viwili, cha GB 116 na cha GB 4, havina herufi wala jina la mfumo wa mafaili, ndiyo alama ya kuvitambua. Delete Volume, Delete Volume. Nikajisifu. Nikazima, nikawasha.

Skrini nyeusi, maandishi meupe, chini neno moja: grub> na kimstari kinachopepesa. Hakuna Windows, hakuna Ubuntu. Nilibonyeza kila nilichokijua kwenye kibodi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikavumilia. Jumatatu nikaibeba sipiyu kwa bajaji mpaka Mtwara mjini, kwa fundi mmoja. Aliiwasha, akatazama kama sekunde tano, akasema, "Mzee, hapa dawa ni kupiga Windows upya. Elfu thelathini." Nikamuuliza, na mafaili? "Ya kwenye C yanaondoka, labda kama ulibakapu." Hesabu za msimu mzima zilikuwa kwenye C. Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoka nje kumpigia aliyeanzisha balaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Dude lako limenigomea." Nikamsomea yaliyoandikwa.

Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. "Mjomba, Windows yako nzima kabisa. Usikubali ipigwe. Irudishe nyumbani, iwashe, gongagonga F12 mpaka itokee orodha, chagua Windows Boot Manager."

Nikamshukuru fundi, nikaibeba. Nyumbani nikagonga F12, orodha ikaja: ubuntu juu, Windows Boot Manager chini yake. Nikachagua, na dakika moja baadaye picha ya harusi ya mdogo wangu iko kwenye skrini kama kawaida. Mafaili yote yapo. Sijui nani alipiga kigelegele jikoni, lakini kilipigwa.

Alivyonieleza mpwa ni hivi. Kwenye mashine hizi za UEFI, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, kile kinachowasha mfumo hakikai ndani ya patisheni ya Ubuntu, yaani kipande chake cha diski. Kinakaa kwenye kijipatisheni kidogo cha EFI, changu kina MB 100, na humo Windows ina folda yake na Ubuntu ina yake. Mimi nilibomoa nyumba, lakini mlinzi wa Ubuntu, anayeitwa GRUB, bado amesimama getini na ndiye wa kwanza kuulizwa. Anatafuta nyumba, haioni, anabaki na grub> yake.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kumwondoa mlinzi. Nilifungua Command Prompt kwa "Run as administrator", nikaandika diskpart, programu ya Windows ya kushughulikia vipande vya diski, kisha select disk 0, kisha list volume. Hapa usiwe na haraka. Nilitafuta kile cha FAT32 cha MB 100, kwangu kilikuwa namba 2, nikaandika select volume 2, halafu assign letter=S, halafu exit. Nikaingia S: na kuandika cd EFI. Nikaandika dir, zikatokea folda tatu: Boot, Microsoft, ubuntu. Amri ya kufuta ni rmdir /s ubuntu, inakuuliza, unajibu Y. Mkono ulinitetemeka, maana ukikosea ukataja Microsoft, safari ya kwa fundi inakuwa ya kweli. Mwisho nikarudi diskpart kuiondoa ile herufi S.

Bado jina la ubuntu lilikuwa kwenye orodha ya F12. Nikazima, nikaingia kwa F2, sehemu ya Boot Sequence, nikalifuta. Laiti ningeanzia hapo kwa kuipandisha Windows Boot Manager juu kabla ya kufuta chochote, nisingeiona grub> wala bajaji nisingepanda. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, uwe na ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kugusa mipangilio hiyo, kwa sababu Windows inaweza kuudai.

Kuirudisha nafasi kwenye C kulikuwa rahisi: bofya kulia, Extend Volume, Next, Next, Finish. Nilisubiri umeme utulie kwanza, tangu asubuhi ulikuwa unakatika na kurudi, lakini yenyewe ilichukua sekunde chache tu. Bahati yangu nafasi iliyoachwa ilipakana na C upande wa kulia. Kungekuwa na kipande kingine katikati, neno Extend Volume lingekuwa la kijivu halibonyezeki, na ningehitaji programu nyingine.

Disk Management naipa nne kwa tano. Inafuta na kuunganisha vizuri, tena ya bure, ila haikuambii neno juu ya yule mlinzi wa getini. F12 naipa tano. Na sisemi kila mtu aing'oe: Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye mashine ya zamani isiyokubali Windows 11 pengine Ubuntu ndiyo ya kubaki nayo. Yangu ilikubali, ila isingewezekana kwa GB 9.

Saa niliirekebisha mara moja, haijarudi nyuma tena. Ile betri niliyonunua bure ipo kabatini. Mpwa anakuja likizo Desemba na diski yake ya nje yenye Ubuntu, atachomeka yake, atachomoa yake.