Chupa Ilipasuka Jioni, Mtoto Akazaliwa Karibu na Saa Sita Usiku

Nimeimaliza juzijuzi hii riwaya ya mapenzi ya shamba la farasi wa mbio huko Kentucky, Marekani, na hasira haijanitoka. Kwa zaidi ya kurasa mia mbili nilikuwa upande wa mwandishi. Ikaja sura ya kumi na tisa, mkesha wa mwaka mpya, jike akashikwa na uchungu, na kitabu kikaniharibikia mkononi.

Tukio lenyewe liko hivi. Saa kumi na mbili jioni chupa inapasuka, maji yanamwagika kwenye majani makavu ya banda. Daktari wa mifugo, dada ambaye riwaya nzima inamsifu kuwa bingwa wa uzazi wa farasi, anamgeukia mwenye shamba na wanaanza kugombana juu ya mchumba wake wa zamani. Wanagombana, wananuniana, kahawa inaletwa, wanakumbushana walikotoka, wanapatana, wanabusiana wameegemea mlango wa banda. Saa tano na dakika 40 usiku mtoto anatoka. Fataki zinalipuka, watu wanatokwa na machozi ya furaha.

Karibu saa sita nzima! Farasi si ng'ombe. Chupa ya farasi ikishapasuka, mtoto anatakiwa awe chini ndani ya dakika 20 hadi 30. Kondo la nyuma la farasi limejishika karibu ukuta wote wa tumbo la uzazi kwa vinyweleo vidogo sana, na misuli ikianza kusukuma kwa nguvu, linaanza kubanduka. Likibanduka, mtoto amekatiwa hewa. La ng'ombe limeshikwa kwa vifundo, linavumilia zaidi, ndiyo maana ng'ombe anaweza kusukuma kwa muda mrefu na ndama akatoka hai. Kwa farasi, dakika kumi zikipita tangu chupa ipasuke na hakuna kwato inayoonekana, daktari awe ameshaosha, ameshavaa glavu ndefu, na mkono uko ndani unatafuta: kwato mbili za mbele, moja imeitangulia nyingine kidogo, nyayo zinatazama chini, pua imelala juu ya magoti. Nyayo zikitazama juu, ama hiyo ni miguu ya nyuma, ama mtoto amelala chali. Akigusa pua na mguu mmoja tu, mguu wa pili umekunjika, na mtoto lazima asukumwe kidogo kurudi ndani, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, ili mguu upate nafasi ya kunyooshwa. Hiyo ndiyo kazi ya bingwa. Bingwa wa riwaya hii hakuingiza hata kidole.

Na ipo sentensi niliyoirudia mara tatu nikidhani macho yangu yamenidanganya. Mwandishi anaeleza mfuko mwekundu, laini kama mahameli, unaochungulia chini ya mkia, na daktari anasimama kuustaajabia. Kinachotakiwa kuchungulia pale ni utando mweupe unaong'aa, na kwato zinaonekana ndani yake. Mwekundu maana yake ni kwamba kondo limebanduka na linatoka likiwa limemtangulia mtoto, na mtoto yuko ndani hana hewa. Hapo hakuna kusubiri simu ya mtu. Unachukua mkasi, unauchana ule mfuko, unashika miguu juu kidogo ya kwato, unavuta kila jike anaposukuma na unaacha anapopumzika, ukielekeza chini kwenye visigino vyake vya nyuma, si moja kwa moja kwako. Oksijeni iwe karibu. Hayo yote ni ya dakika chache. Mwandishi akaupa mfuko ule mistari minne ya sifa!

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja, na ningeishia hapo kama si sura ya tano.

Sura ya tano imeandikwa na mtu aliyesimama kwenye banda la kupandishia, sina shaka. Jike analetwa kwenye ukuta uliopigwa sponji, upande wa pili yuko dume la kujaribia, yule ambaye kazi yake ni kunusa na kulia tu, ili teke likija limpate yeye na si dume la thamani. Jike asiye kwenye joto, yaani hayuko tayari kupandishwa, analaza masikio nyuma, anapiga ukelele, anarusha miguu. Aliye kwenye joto anaegemea ukuta, anainua mkia pembeni, anakojoa kidogo kidogo, anatanua miguu ya nyuma. Daktari anaingiza kipimo cha ultrasaundi, anakuta kifuko cha yai kimefika milimita 38, na anajua siku haziko nyingi. Mwenye shamba anauliza, "Yuko tayari?" Anajibiwa, "Kesho." Basi. Mazungumzo yao yote ya sura ile ni hayo maneno matatu, naye msomaji anajua tayari hawazungumzii farasi peke yake.

Kesho yake jike amefungwa bandeji mkiani, amevalishwa viatu laini miguu ya nyuma, amewekewa ngozi nene shingoni ili meno ya dume yasimchane, na wawili hawa kila mmoja ameshika kamba yake, mmoja ya jike, mmoja ya dume, hawathubutu kutazamana kwa sababu ukiangalia pembeni sekunde moja unapigwa teke. Mwandishi anajua hata hili, kwamba kwa Thoroughbred, aina hii ya farasi wa mbio, hakuna njia ya mkato, mbegu ya kuhifadhiwa kwenye barafu haikubaliki, mtoto wake haandikishwi kwenye kitabu cha ukoo. Lazima dume na jike wakutane, na lazima watu wawili wawepo. Riwaya nyingi za mapenzi huhangaika kutafuta sababu ya kuwakutanisha wahusika. Huyu kaipata ndani ya kanuni za ufugaji wenyewe. Nilifurahi sana.

Sura ya nane nayo ni nzuri. Siku ya 14 ya mimba kipimo kinaonyesha pacha, na daktari anabana kifuko kimoja cha mimba, ili abaki mtoto mmoja, kabla ya siku ya 16, kabla vifuko havijatulia mahali pamoja, kwa kuwa farasi mara chache sana hufikisha pacha salama. Anakaa kwenye gari bila kuwasha injini. Mwenye shamba anaingia, anakaa, hasemi kitu. Nyota nne, nilisema.

Sasa mtu anayejua yote haya alishindwaje kuuliza chupa ya farasi ikipasuka mtoto hutoka baada ya muda gani? Hili ndilo linaloniuma. Mhariri pia alikuwa wapi?

Maana kosa halikuishia kwenye saa. Angalia tarehe. Jike alipandishwa tarehe 15 Februari, kitabu chenyewe kinasema, siku moja baada ya sikukuu ya wapendanao. Mimba ya farasi ni kama siku 340, kwa hiyo mtoto wa wakati wake angekuja tarehe 21 Januari hivi. Tarehe 31 Desemba ni siku ya 319. Aliyezaliwa kabla ya siku 320 huhesabiwa njiti: manyoya kama hariri, paji la uso limevimba, masikio yamelegea, kano za miguu laini, na vile vifupa vidogo vya magoti bado havijakomaa, ukimwachia akimbie vinapondeka. Huyu wa kwenye riwaya alfajiri anapiga mbio kwenye theluji. Tena amenyweshwa maziwa ya unga kwa chupa ati mama yake amechoka. Dang'a je, yale maziwa ya kwanza ya mama? Mtoto wa farasi hapati kinga akiwa tumboni, anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri saa chache za mwanzo tu. Zikifika saa 24 mlango umefungwa.

Na lililo kubwa kupita yote hakuna hata mhusika mmoja aliyelitaja. Thoroughbred wote wa upande wa kaskazini wa dunia hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, kila mmoja, hata aliyezaliwa jana yake. Mtoto wa saa tano na dakika 40 usiku wa mkesha, dakika 20 baadaye, kwenye karatasi, ana mwaka mmoja. Ndiyo sababu wenye mashamba hawapandishi kabla ya katikati ya Februari. Ndiyo sababu taa huwashwa mabandani tangu mwanzo wa Desemba, mwanga wa mchana na wa taa vikijumlishwa vifike saa 16 kwa siku, ili majike waingie kwenye joto mapema, lakini si mapema kupita kiasi. Kentucky Derby, mbio kubwa za huko, ni ya farasi wa miaka mitatu, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Huyu angeingia uwanjani na mwili wa miaka miwili na miezi minne, ashindane na waliomtangulia karibu mwaka mzima. Kwenye hitimisho anashinda!

Fikiria mwandishi angelijua hilo. Kwato zimeonekana, saa inakaribia sita, shamba lina madeni, na watu wawili wanaopendana wanamwomba jike asubiri dakika 20 ambazo mtoto hana. Nani angekiweka chini kitabu hicho?

Nimerudi kuisoma sura ile tena, safari hii na kalamu. Inarekebishika, na hilo linazidi kunikasirisha. Ugomvi wote uwekwe kabla ya chupa, kwenye saa za mwanzo ambapo jike huzunguka bandani, anatoka jasho, anatazama ubavu wake, analala na kuinuka. Hapo saa nne zinapita bila kumdhuru mtu. Chupa ipasuke saa tano na nusu. Mfuko uwe mweupe, au ukibaki mwekundu basi mkasi utoke mfukoni kwenye sentensi inayofuata. Tarehe iwe ya mwisho wa Januari. Fataki ziondolewe kabisa, farasi anayezaa anatafuta giza na kimya, kelele humfanya azuie uchungu wake.

Nyota mbili. Moja ya sura ya tano, moja ya lile gari lisilowashwa injini.

Na busu nalo lina mahali pake. Mtoto akishatoka, kitovu hakikatwi. Mama na mtoto huachwa wamelala, kitovu kikiwa bado kimewaunganisha, mpaka mmoja wao ajitikise na kikatike chenyewe. Watu hutoka bandani na kusimama nje, mikono bado ina damu, hawaruhusiwi hata kunong'ona. Liwekwe hapo.