Mbwa na Ayala: Pembe, Meno na Miguu

Kwa kuwa huku Malindi hatuna ayala wa porini, na paa wa msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa jamii ya swala, wengi wetu hudhani kwamba pembe zote hukua kwa namna moja. Sivyo. Pembe ya paa ni ala ngumu kama ukucha, iliyovikwa juu ya mfupa, nayo hudumu maisha yote. Ile ya ayala dume, yenye matawi, ni mfupa mtupu unaokua chini ya ngozi laini yenye damu, kisha hudondoka kila mwaka, ikachipuka nyingine. Mbwa hana kitu cha aina hiyo, kwani silaha yake imo kinywani.

Ukimfunua mdomo mtoto wa mbwa wa majuma manane, utaona meno 28 membamba, makali kama sindano, ambayo baadaye hupisha 42 ya ukubwani. Ayala hana meno ya mbele ya juu: hubana jani kwenye ufizi mgumu, akalimeza, kisha akalicheua, maana tumbo lake lina vyumba vinne na la mbwa kimoja tu. Nawasihi wafugaji wasiwape watoto wa mbwa pembe kavu ya ayala watafune, kwa kuwa huweza kuwavunja meno.

Miguuni, mbwa hukanyagia vidole, ayala kwato mbili. Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba kwa takriban majuma mawili. Wa ayala husimama saa chache baada ya kuzaliwa.