Mashine ya kukatia mpungate: uzoefu wangu Isimani

Nafuga ng'ombe na mbuzi Isimani, upande mkavu wa Iringa, ambako mvua ikishakata majani ya maana huyaoni tena hadi Desemba. Mashine hii ya visu, yenye injini ndogo ya petroli, inakatakata mpungate, ule mmea wa sehemu kavu wenye majani manene ya miba, uwe chakula cha mifugo. Nimeitumia kiangazi chote na nimeridhika nayo, ingawa aliyeniuzia aliisifia hata kwa kazi isiyoiweza.

Alisema, "Wewe weka tu, inasaga na miba." Si kweli. Miba mirefu inakatika, lakini ile midogo myembamba inayoota kwa mafungu inabaki, na inamchoma mnyama mdomoni. Lazima uibabue kwanza kwa moto, jani uligeuze pande zote mbili mpaka kila fungu la miba liwe jeusi, ndipo ukate. Mwenye mpungate usio na miba amepona.

Kukata, inakata kweli. Kazi ya panga ya asubuhi nzima sasa inaisha kabla mifugo haijatoka zizini. Kinachosumbua ni ute. Mpungate karibu asilimia 90 ni maji, na ute wake unaganda kwenye mdomo wa kutolea. Mimi napishanisha: majani machache ya mpungate, kisha fungu la mabua makavu ya mahindi. Mabua yanausukuma ute nje, na chakula kinatoka kimeshachanganyika. Kuchanganya ni lazima kwa vyovyote, maana mpungate mtupu unaharisha na protini yake ni ndogo. Juu yake naongeza mashudu ya alizeti. Ng'ombe waliokuwa wakiyaacha mabua horini sasa wanayamaliza, na kisimani wanakunywa kidogo. Kwa sisi tunaoswaga mifugo mbali kufuata maji, hilo ni jambo kubwa mno.

Mashine ya nyundo yenye chekeche, ile ya kusagia nafaka, msiinunue kwa kazi hii. Ute utaziba matundu yote.

Ioshe mara tu ukizima injini. Visu vinanoleka kwa tupa. Mkanda ulikuja wazi bila kifuniko, ikabidi fundi anichomelee cha bati, maana watoto wanapita hapo. Vipande vikubwa vilivyodondoka viokoteni, kwa sababu vinaota. Wafugaji wa Laikipia, Kenya, wamepoteza malisho kwa mipungate iliyosambaa.

Mwenye mbuzi wachache asiinunue, panga linamtosha. Mwenye kundi la ng'ombe aitafute kabla ya Agosti.