TAHADHARI: Nyaya bandia za kuongozea injini za ndege ndogo zinauzwa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu marubani, mafundi na wote mnaotunza ndege ndogo kuanzia Iringa, Mufindi na Njombe hadi Mbeya na Songwe, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayeuza nyaya za kuongozea injini (si za umeme, bali zile zinazounganisha vishikio vya rubani na injini) ambazo si za ndege hata kidogo, huku akizisindikiza kwa vyeti vya kughushi. Sisi alituuzia nyaya tatu. Hazikufungwa, kwa sababu fundi wetu alizikataa zikiwa bado mezani. Lakini kwa haraka tuliyokuwa nayo zingeweza kabisa kufungwa, na ndiyo maana sikuona vyema kunyamaza.

Ndege ninayoitunza ni Cessna 182 ya mwaka 1974, yenye injini ya Continental O-470 ya kabureta, na hukaa kwenye kiwanja cha shamba la chai wilayani Mufindi. Umri huo si ajabu. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986 na ikaurejesha miaka kumi baadaye, kwa hiyo ndege nyingi ndogo zinazoruka leo zimekwisha kupita miaka 40. Watu hukumbuka kubadilisha matairi, betri na plagi, lakini nyaya husahaulika, kwa kuwa haziharibiki kwa siku moja: grisi ya ndani hukauka kwa joto la injini, mtikisiko huusaga waya ndani ya ala yake, vumbi la viwanja vyetu huingia, na rubani huuzoea ugumu unaoongezeka kidogo kidogo mpaka akadhani ndiyo tabia ya ndege. Kwetu ilianza vivyo hivyo. Kishikio cha throto, yaani cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, kilikuwa kizito, kisha waya wa kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta ukawa unakwama katikati, na tulipofungua makava ya injini tukakuta ala ya waya wa joto la kabureta imefumuka karibu na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na rubani.

Kwa asiyefahamu, nyaya hizi si kitu cha kubahatisha. Waya wa throto ukikatika, rubani hana tena namna ya kuongeza wala kupunguza nguvu, na injini hubaki pale ambapo springi au mtikisiko utaipeleka. Waya wa mchanganyiko una uzito wa pekee huku kwetu milimani. Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na ule wa Nduli, Iringa, zaidi ya mita 1,400, na Mufindi ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, hivyo rubani hulazimika kupunguza mafuta ili injini iwake vizuri, halafu anapoteremka kuelekea bonde la Kilombero hulazimika kuyarudisha. Waya ukikwama wakati huo, injini hukosa mafuta ya kutosha na inaweza kuzimika. Nao waya wa joto la kabureta ndio unaomwokoa rubani katika ukungu wetu wa Juni hadi Agosti, kwani barafu huweza kuganda ndani ya kabureta hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 15 au 20, kutokana na ubaridi unaotokea petroli inapogeuka mvuke.

Muuzaji huyu tulielekezwa kwake na mtu aliyewahi kununua kwake matairi. Alijitambulisha kwa simu kuwa ni wakala wa vipuri vya ndege mwenye stoo Mbeya, akazungumza kwa adabu na kwa kujiamini, akatuma picha safi za nyaya zikiwa ndani ya mifuko iliyofungwa. Hapo hapo palikuwa na dalili ambayo nilipaswa kuitambua. Muuzaji halali wa vipuri vya ndege huanza kwa kuuliza aina ya ndege, namba yake ya utengenezaji na namba ya kipuri. Yeye aliomba tu picha ya nyaya za zamani na urefu wake kwa sentimita. Nilipomwuliza kama hahitaji namba ya kipuri, alinijibu, “Mzee wangu, usihangaike, Cessna zote ni moja.” Bei yake ilikuwa shilingi milioni 2 na laki 4 kwa nyaya zote tatu, na mzigo ungefika baada ya siku nne, wakati kuagiza Marekani kungetuchukua wiki kadhaa. Tulituma nusu ya fedha kwa simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina tofauti na lile alilotupa, naye akaeleza kuwa ni la mhasibu wake. Nusu ya pili tuliimalizia kifurushi kilipofika Mafinga kwa basi. Risiti ya EFD aliahidi kuituma baadaye, na mpaka leo haijafika.

Fundi wetu, ambaye ana leseni na hutoka Arusha kwa kazi zetu, hakuanza na vyeti. Alianza na waya wenyewe. Lebo yenye maandishi ya FAA-PMA (kibali cha kutengeneza vipuri kinachotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), ambayo kwenye kipuri halisi ni alama ya kudumu, ilikuwa karatasi ya kubandika, na ilitoka alipoipangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Hesi za ncha zilikuwa za milimita, ilhali ndege hii hutumia vipimo vya inchi, kwa hiyo zisingeingiliana na ncha yenye gololi inayoshika mkono wa kabureta ila kwa kulazimishwa. Kisha akaubana mmoja kwenye jiriwa, akauvuta kwa mkono tu, na kichwa kikachomoka. Wa pili alipousukuma, ulijikunja.

Kujikunja huko ndiko kulikotufahamisha nyaya zile zimetoka wapi. Waya wa mafuta wa pikipiki hufanya kazi moja, kuvuta, na kurudi hurudishwa na springi. Katika pikipiki unatosha na sina neno nao. Waya wa injini ya ndege huvuta na kusukuma, kwa hiyo chuma chake cha ndani sharti kiwe kigumu na ala yake iwe ya chuma kilichosokotwa, yenye kustahimili joto. Tulichouziwa ni nyaya laini za pikipiki ndani ya ala yenye bitana ya plastiki, zilizorefushwa na kutiwa vishikio vipya.

Vyeti ndivyo vilivyonisikitisha zaidi, kwa sababu viliandaliwa na mtu anayejua anachokifanya. Vilikuwa na sura ya fomu ya FAA 8130-3, ile inayosindikiza vipuri vya ndege kutoka Marekani, vikiwa na muhuri na saini. Fundi alionyesha makosa mawili. Vyeti vitatu vya vipuri vitatu tofauti vilikuwa na namba moja ya ufuatiliaji. Pia, kisanduku cha 11 kiliandikwa kuwa kipuri ni kipya, lakini saini iliwekwa upande wa kulia, kisanduku cha 14, ambao ni wa vipuri vilivyotoka matengenezo. Kipuri kipya kutoka kiwandani husainiwa upande wa kushoto, kisanduku cha 13. Tukaandika barua pepe kwa mtengenezaji aliyetajwa kwenye fomu, na baada ya siku mbili akajibu kwamba namba hiyo hakuitoa yeye. Nawasihi mfanye hivyo kabla ya kulipa, si baada. Ughushi wa vyeti haupo kwetu tu: mwaka 2023 ilibainika kuwa vipuri vya injini za CFM56, zinazobeba ndege kubwa za abiria, viliuzwa kutoka Uingereza kwa hati za kughushi, na mashirika kadhaa makubwa yakalazimika kuvitoa.

Nilisafiri hadi Mbeya kuitafuta stoo aliyoitaja. Nilikuta fremu iliyofungwa, na majirani walisema mpangaji alikuwa akiuza spea za pikipiki na alikwisha hama. Namba aliyotumia kwetu haipatikani, lakini nimezungumza na watu wawili, mmoja wa upande wa Songea, waliopigiwa na mtu mwenye maelezo yale yale kwa namba nyingine. Taarifa tumezipeleka polisi, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kwa Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia. Jina alilolitumia silitaji hapa kwa kuwa shauri halijaamuliwa, na huenda hata si lake.

Kama ulinunua waya wa throto, wa mchanganyiko, wa propela au wa joto la kabureta kwa njia inayofanana na hii, tafadhali usiirushe ndege mpaka fundi mwenye leseni aufungue na kuukagua, hata kama umekwisha kuutumia kwa saa kadhaa bila tatizo. Nyaya tulizouziwa zina ala nyeusi yenye mng'ao, laini kuikunja kwa vidole viwili, na ukiitazama kwa ncha utaona bitana nyeupe ya plastiki ndani yake. Vishikio ni vyeusi, na herufi zake zimepakwa rangi tu wala hazikuchongwa. Ukizikuta, usizitupe na usikubali kumrudishia hata akikuahidi fedha zako zote. Zihifadhi pamoja na vyeti, mfuko wake na stakabadhi ya basi, kwa sababu polisi wameniambia kuwa namba ya mzigo ndiyo inayoweza kuonyesha ulitumwa kutoka wapi na nani aliukabidhi.