Uzoefu wangu: sabuni mbili za povu zisizo kali, moja ya chupa na moja ya kipande

Nimezitumia zote mbili kwa miezi minne, kwenye ngozi yenye pumu ya ngozi na kwenye nywele za asili zinazosukwa. Ya kwanza ni sabuni ya maji ya mwili na nywele, chupa ya mililita 400, haina manukato. Ya pili ni kipande cha gramu 100 ambacho kikemia si sabuni. Nazipitisha zote, ila kwa kazi tofauti, na kabla ya kueleza kwa nini, geuza chupa yako. Mbele kuna picha ya jani na maneno matamu. Habari yenyewe iko nyuma, kwenye maandishi ya kukodolea macho.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji huviweka kwa mpangilio autakao. Ndiyo maana mshubiri uliochorwa mkubwa mbele unaweza kuwa tone tu. Kinachosafisha kimo katika majina manne au matano yanayofuata neno "Aqua", yaani maji. Kwenye hii ya chupa nilikuta "Coco-Glucoside", kisha "Cocamidopropyl Betaine", kisha "Glycerin". Glukosidi hutengenezwa kwa sukari na mafuta ya nazi au mawese, na peke yake husafisha vizuri lakini huacha nywele zikikwaruza. Betaini huituliza na kuongeza povu. Kuna faida nyingine isiyoonekana: vitoa povu viwili, yaani viambato vinavyosafisha, vikichanganywa, chembe zake hukusanyika katika mafungu makubwa, na zile zinazobaki huru, ambazo ndizo hupenya ngozi na kuiudhi, hupungua. Sabuni yenye kitoa povu kimoja tu, hata kiwe kipole kiasi gani, mimi huirudisha rafuni.

Maneno "haina salfeti", yaani haina ule ukoo wa vitoa povu vyenye jina "Sulfate", yasikutoshe. Ni kweli "Sodium Lauryl Sulfate" ni kali. Watafiti wa ngozi huitumia makusudi wanapotaka kuichokoza ngozi ili wapime jambo jingine. Ndugu yake "Sodium Laureth Sulfate", tofauti ya herufi chache tu, ni nafuu zaidi, na ikiwekwa pamoja na betaini huvumilika na watu wengi. Upande wa pili, chupa inaweza kujisifu kwamba haina salfeti huku imejaa "Sodium C14-16 Olefin Sulfonate", ambayo hukausha nywele vilevile. Na "imetokana na nazi" si hoja: hata hiyo kali ya kwanza hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya mbegu za mawese.

Lalamiko utakalolisikia sana kuhusu sabuni za aina hii ni kwamba ni nyepesi kama maji, basi imechakachuliwa. Si lazima. Sabuni yenye salfeti huwa nzito kwa kuongezewa chumvi ya kawaida kidogo. Glukosidi haiitikii chumvi hivyo, kwa hiyo huhitaji gundi kama "Xanthan Gum", na mtengenezaji asipoiweka ya kutosha, sabuni hukimbia viganjani. Dawa yake ni kuimimina kwenye kitambaa laini kilicholowa, au kwenye chupa ya pampu ya povu. Dodoki liache. Hakuna maana ya kulipia sabuni isiyo kali halafu ukaikwangua ngozi kwa dodoki.

Povu lake ni dogo, zito kidogo, na kwenye nywele zenye mafuta raundi ya kwanza halitoki kabisa. Hapo ndipo wengi huongeza sabuni. Suuza, weka tena nusu ya kiasi ulichoanza nacho, povu litakuja, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yakiliua yameshaondoka. Wingi wa povu haupimi usafi.

Nilipima pH, yaani kiwango cha asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni zaidi), kwa zile karatasi za kuchovya: ya chupa ilisoma kati ya 5 na 5.5. Ngozi yenyewe iko karibu na 5. Kipimo hiki ni muhimu hasa kwa glukosidi, kwa kuwa malighafi yake huwa na pH ya 11 hadi 12 na lazima ishushwe kwa asidi ya sitiriki. Anayejitengenezea nyumbani akasahau hatua hiyo ameunda kitu kikali kuliko sabuni ya mche. Sabuni za kawaida za kipande, pamoja na zile nyeusi za asili, husoma 9 hadi 10, na haziwezi kushushwa hadi 5 zikabaki sabuni. Hukatika na kurudi kuwa mafuta.

Sasa kipande. Kinachosafisha humo ni "Sodium Cocoyl Isethionate", na ukitaka mfano unaoujua, Dove ya kipande iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957 ni ya ukoo huohuo. Angalia boksi: ukikuta "Sodium Palmate", "Sodium Tallowate" au "Sodium Cocoate" mwanzoni kabisa, hiyo ni sabuni ya kawaida hata kama imeandikwa "kwa ngozi nyeti". Isethioneti hutoa povu kama krimu na huacha ngozi bila ule mkazo wa kuvutwa. Nakitumia mwilini na usoni tu. Kichwani sikipendi: asidi ya mafuta iliyomo, ile inayokifanya kiwe kipole, hubaki kwenye nywele zilizojikunja kama nta. Ubaya wake mkubwa ni kulowana. Kikikaa kwenye maji kidogo kinageuka uji, na nusu yake huishia kwenye bomba la maji machafu. Kata vipande vitatu, tumia kimoja, hifadhi kwenye kisahani chenye matundu.

Kinakopata alama kamili ni kwenye maji magumu. Sehemu nyingi za Dar es Salaam zinazotegemea kisima, hasa karibu na bahari, maji yake yana chumvi au ni magumu. Kalsiamu na magnesiamu hushikana na sabuni ya kawaida na kutengeneza ule utando mweupe unaouona kwenye beseni, na utando huohuo hubaki kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, palepale pumu ya ngozi inapopenda. Vitoa povu hivi vipya havifanyi hivyo. Kwenye sabuni ya nywele tafuta pia neno "EDTA" au "Sodium Phytate" mwishoni mwa orodha. Kazi yake ni kuyafunga madini hayo.

Kwa nywele zilizosukwa, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya chupa, mililita 10, na maji mililita 100 kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Pitisha mstari kwa mstari kwenye ngozi ya kichwa, kanda kwa ncha za vidole, si kucha, dakika moja, kisha suuza dakika tatu nzima. Povu lililojificha chini ya rasta ndilo huwasha siku ya pili, na lawama huangukia sabuni. Mchanganyiko uliobaki umwage. Ukishaongeza maji, kihifadhi kilichokuwemo kimepungua nguvu na bakteria hawangoji.

Kuna jambo linalowakwaza watu: sabuni isiyo kali inaweza bado kukuletea mzio. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi unaotokana na mguso kiliitaja betaini hii kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2004, na glukosidi mwaka 2017. Kwa betaini, lawama nyingi ni za mabaki ya utengenezaji. Ukali huchoma papo hapo au saa chache baadaye. Mzio huchelewa, siku moja hadi tatu, na kwa sabuni ya nywele hujitokeza kope, shingo na nyuma ya masikio, njia ambayo povu hupita likiteremka. Wanaoshukiwa kabla ya vitoa povu ni manukato, "Parfum", na kihifadhi "Methylisothiazolinone", ambacho Umoja wa Ulaya umekibana hadi kiwango cha juu cha asilimia 0.0015 katika bidhaa za kusuuza. Jaribu kwa kupaka mkunjo wa kiwiko, acha dakika moja, suuza. Mara mbili kwa siku, siku saba. Usiibandike chini ya plasta usiku kucha, kwani sabuni yoyote iliyofunikwa hivyo itababua ngozi hata isiyo na tatizo. Kope zikivimba, acha na umwone daktari wa ngozi.

Wanaoniuliza kuhusu sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani: ile imetengenezwa kwa slesi na salfoniki kwa ajili ya vyombo na sakafu. Slesi ndiyo ile laureth niliyoitaja juu, haina kosa. Salfoniki ni asidi ya kutengenezea sabuni ya kufulia, na magadi yakizidi katika kuipoza, pH hupanda bila wewe kujua. Kwa ngozi nyeti, hapana.

Bei ya hii ya chupa inatisha ukiiona rafuni. Pima kwanza: bonyeza pampu ndani ya kipimo cha dawa ya mtoto. Yangu hutoa mililita 2 kwa mbonyezo, mibonyezo miwili na nusu inatosha mwili mzima, kwa hiyo chupa ni bafu 80. Nimeshanunua ya pili.