Mkandarasi wa taka hatarishi, Tabora: kazi safi, ofisi mzigo

Nina kiwanja Isevya, mpangaji wangu alikuwa akivunjia humo betri chakavu za magari. Eneo lilipofungwa nikapewa sharti: lisafishwe na mwenye kibali, kwa mujibu wa Kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021. Kampuni niliyoichukua sitaitaja, bado tunadaiana maneno.

Kazi yenyewe nawasifu. Vijana walivaa magwanda, barakoa na buti za mpira, wakanyunyiza maji kwanza vumbi lisiruke. Mkubwa wao alinieleza jambo ambalo mafundi wa mtaani hawalisemi: chokaa inaua makali ya asidi ya betri, lakini madini ya risasi yaliyomo kwenye betri hizo hayaozi wala hayaishi, yanabaki udongoni na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Wakachota udongo wote wa kijivu mpaka ule mwekundu wa chini, wakachukua sampuli, halafu wakarudi kuchimba zaidi pale karibu na mwembe. Mapipa yakafungwa na kubandikwa lebo. Fundi mwingine wa bei rahisi aliwahi kuniambia, "Mama, tufukie tu hapa hapa." Nikamwonyesha geti.

Ofisini kwao sasa! Hati ya kufuatilia mzigo, inayoonyesha taka zimetoka wapi na nani kazipokea, niliisotea. Kila nikipiga simu, "bosi yuko Dar." Na maji ya kuoshea vifaa vyao nitoe mimi, tena ya kununua kwa madumu.

Nyota nne. Ukiwaita, shikilia malipo ya mwisho mpaka hati iwe mkononi.