Residenz ya Munich: tikiti ipi ununue, na miguu uitunzie vyumba vipi

Anayetaka kuona jinsi wakuu wa Ujerumani walivyoishi kweli aende Residenz, jumba la kifalme la Munich, kabla ya kasri la Neuschwanstein. Neuschwanstein inapendeza kwa picha, lakini ziara yake ni ya nusu saa hivi, ujenzi haukukamilika, na mfalme Ludwig wa Pili, aliyelijenga, aliishi humo miezi michache tu. Residenz ilikuwa makao ya ukoo wa Wittelsbach, watawala wa Bavaria, tangu 1508 hadi 1918: kwanza watemi, baadaye watemi wenye kura ya kumchagua kaizari, na kuanzia 1806 wafalme.

Treni ya chini ya ardhi itakushusha Odeonsplatz, ila mlango wa makumbusho uko Max-Joseph-Platz, upande wa pili wa jengo. Makumbusho, hazina na ukumbi wa maigizo wa Cuvilliés kila kimoja kina tikiti yake. Ipo pia ya pamoja. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Begi kubwa huachwa mapokezi. Picha zinaruhusiwa bila flashi.

Kosa la wageni wengi ni kumaliza nguvu mapema. Njia inakupitisha mapema kwenye Antiquarium, ukumbi wa mita 66 uliojengwa 1568 hadi 1571 kwa ajili ya sanamu za kale, na watu huduwaa hapo. Matokeo yake Reiche Zimmer, yaani Vyumba vya Fahari, vilivyo mbele sana, hupitwa mbiombio. Tenga saa tatu, na moja iwe ya vyumba hivyo.

Vilitengenezwa miaka ya 1730 chini ya mtawala Karl Albrecht, kwa michoro ya msanifu François Cuvilliés, na mpangilio wake ndio somo lenyewe. Vyumba vya kungojea vinafuatana, kisha baraza lenye kiti cha enzi, kisha chumba cha kulala, kisha vyumba vidogo vya vioo na picha. Cheo cha mgeni ndicho kilichoamua asimamishwe mlango upi. Kitanda kile cha fahari kilikuwa cha heshima, si cha usingizi. Tazama mapambo yanavyozidi kila mlango unaofuata, utaelewa kwa nini kusogea chumba kimoja mbele lilikuwa jambo la kupigania.

Usiache pia Ahnengalerie (ukumbi wa mababu), yenye picha zaidi ya mia moja za ukoo huo. Karl Albrecht aliwaweka humo hata makaizari wa kale, akiwemo Karolo Mkuu, kwa sababu alikuwa akitafuta taji la kaizari, alilolipata 1742.

Upungufu upo. Maelezo ukutani ni machache, hivyo chukua kifaa cha sauti, hakilipiwi. Tena, mabomu ya 1944 yaliangamiza sehemu kubwa ya jengo. Samani nyingi ni za asili kwa kuwa zilihamishwa mapema, lakini kuta na dari nyingi zimejengwa upya, na baadhi ya dari zimebaki nyeupe kwa kuwa michoro yake ilipotea.

Hazina inastahili nyongeza ya bei: mna taji la Bavaria la 1806, ambalo hakuna mfalme aliyevikwa katika sherehe ya kutawazwa, na sanamu ya Mtakatifu George iliyojaa vito. Ukumbi wa Cuvilliés ungali unatumika kwa maonyesho, kwa hiyo ulizia saa zake kaunta kabla ya kulipia.